Sizoni gani inastahili kumalizwa? Mimi nasema ni ile iliyojua inakokwenda

#1 Mnyalu wa Kihesa

Wakuu, kamwene.

Baridi ya Iringa imeanza kung'ata. Saa moja jioni mtaa umenyamaza, kila mtu kajifungia na blanketi lake, na kwangu hiyo ndiyo saa ya sizoni. Nimeanza enzi za DVD za machinga, sahani moja imeshindiliwa episodi zote na picha ina ukungu, mpaka leo tunajaziwa kwenye flashi. Nimefikia msimamo na nauleta hapa mnipinge: tamthilia inayostahili usiku wako ni ile ambayo mwandishi wake alijua mwisho tangu siku ya kwanza. Isiyojua inakokwenda itakula muda wako hata steringi awe mkali namna gani.

Chukueni Prison Break. Sizoni ya kwanza, 2005, episodi 22. Scofield kajichora ramani ya gereza mwilini ili amtoe kaka yake kabla hajakalishwa kwenye kiti cha umeme. Kila skrubu ina kazi yake. Halafu wametoka. Sasa? Ya pili ni mbio, ya tatu gereza lingine kule Panama, ya nne wanatafuta kifaa cha siri, na 2017 wakarudi tena kumfukua mtu tuliyekwisha kumlilia. Mimi nilimlilia kweli.

Kisha weka pembeni Breaking Bad. Episodi 62, 2008 mpaka 2013. Mwalimu wa kemia anaambiwa ana saratani, anaanza kupika dawa za kulevya, na kuanzia hapo ni mteremko mmoja kama wa mlima Kitonga. Huwezi kuchomoa episodi ukasema hii haikuhitajika.

Leteni za kwenu, na sababu. Mtu asije akaandika "ni kali" akaondoka.

#2 Binti Rungwe

Kaka Mnyalu, ugonile. Umetaja mfungwa na mpika dawa za kulevya. Mimi naleta mwanamke anayepika chakula.

Dae Jang Geum, wengi tuliijua kwa jina la Jewel in the Palace. Ya Korea, ilianza 2003, episodi 54. Nilikuwa namuuguza mama, Tukuyu, na mvua ya kule mnaijua, haikatiki. Kinachokatika ni umeme. Mama alikuwa hasomi maandishi ya chini, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa namsomea kwa sauti, sentensi baada ya sentensi. Kuna pale Jang-geum akiwa mtoto mdogo jikoni kwa mfalme, mwalimu wake anamwambia: niletee maji ya kunywa. Analeta, anaambiwa hapana. Siku ya pili hapana. Mpaka siku moja mtoto anauliza kwanza: tumbo linakuuma? Koo je? Ndipo mwalimu anakubali, kwa sababu hata maji kwenye bakuli ni chakula, na humpi mtu chakula bila kujua hali yake.

Mama aliniambia nisimamishe. Akakaa kimya. Akasema, "Huyo ndiye anayejua kupika." Toka siku hiyo kila nikimpelekea mbalaga, ndizi zetu za kupika, nilikuwa namuuliza kwanza tumbo limeamkaje.

Mwandishi alijua mwisho au hakujua, mimi sikuuliza. Kipimo changu: je, unaweza kuisimamisha katikati mkaizungumza na mtu aliyekaa pembeni yako?

#3 Fundi Mwanjelwa

Mleta uzi, unamwonea mwandishi. Mimi natengeneza TV na ving'amuzi hapa Mwanjelwa, na nimelifuatilia sana hili jambo la kwa nini sizoni zinavutwa kama ulimbo.

Vituo vya kawaida vya Marekani vinaishi kwa matangazo ya biashara. Fox walikuwa wanataka episodi 22 kwa mwaka ili wauze matangazo mwaka mzima, na zamani lengo la wenye kazi lilikuwa kufika episodi 100, maana hapo ndipo inauzwa kwa vituo vingine irudiwe kila siku. Hela ilikuwa kule kwenye kurudiwa. HBO wanaishi kwa ada ya wateja, ndiyo maana sizoni zao nyingi ni episodi kumi au kumi na tatu na hadithi haikatwi na tangazo la sabuni. Mwandishi ni fundi nyumba: tajiri akisema ongeza ghorofa, utaongeza, hata kama msingi ulikuwa wa chumba kimoja.

Ukitaka kujua sizoni inafaa, usiulize nani kaandika. Uliza nani analipa.

#4 Mlinzi wa Zamu, Mafinga

Wote mmenisoma vibaya maisha yangu, maana hamjaitaja JUMONG.

Nalinda kiwanda cha mbao. Usiku wa mwezi wa saba Mafinga nyasi zinalala na barafu, nyie wa Mbeya mjini hamjui baridi. Nilikuwa na koti la jeshi, chai kwenye chupa, na Jumong ya kutafsiriwa kwenye memori kadi. Nilimaliza zote ndani ya wiki tatu, naangalia moja, nazunguka uzio, narudi.

Sasa sikilizeni. Jumong ilipangwa iwe episodi 60. Wakorea wakaipenda mno, kituo chao kikaiongeza. Kwa maelezo ya Mnyalu, na ya Fundi pia, ilitakiwa iharibike kwa sababu imeongezwa kwa ajili ya soko. Imeharibika? Yule kijana alianza akiwa mwoga anayekimbia vivuli, hajui hata kuvuta upinde, na mmemwona alivyoishia ana taifa lake. Kwa nini haikuharibika?

Mimi nasema ni tafsiri. Aliyetafsiri hakuwa anasoma maneno tu, alikuwa anakupeleka. Tangu tukiwa watoto kwenye vibanda vya video na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, sisi tunasikia muvi kabla hatujaiona. Tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa vizuri imekuwa ya Kiswahili tayari.

#5 Kyela Mchele

Episodi ngapi jumla, mlinzi? Nakumbuka 80.

#6 Mlinzi wa Zamu, Mafinga

81. Nilizihesabu kwa usiku.

#7 Mwalimu wa Makambako

Mnyalu, uzi mzuri, lakini nguzo yako moja ina mchwa. Breaking Bad hawakuujua mwisho.

Yule Jesse mnayempenda, kijana anayepika na mwalimu wa kemia, Vince Gilligan aliyeibuni tamthilia alikusudia afe kwenye sizoni ya kwanza. Wakaona kijana anaigiza vizuri mno na wawili wale wanapendeza pamoja, wakamwacha. Sizoni ya mwisho inafunguliwa na Walter, huyo mwalimu wa kemia, ana bunduki kubwa ndani ya buti la gari. Waandishi wenyewe walikwisha kuipiga picha ile bunduki bila kujua itatumika wapi, ikabidi baadaye wakae waitafutie kazi. Hata ile sizoni ya kwanza kuwa na episodi 7 tu ni kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa Marekani, Novemba 2007 mpaka Februari 2008. Mgomo huohuo ndio ulioifanya sizoni ya tatu ya Prison Break iwe na 13.

Kwa hiyo mpango haupo. Kilichopo, kwa maoni yangu, ni uaminifu. Mtu akitenda jambo kwenye episodi ya tatu, analilipia kwenye ya thelathini. Wanafunzi wangu wakiandika insha nawaambia hivyohivyo: usimsahau mtu uliyemwacha mlangoni.

#8 Mnyalu wa Kihesa

Mwalimu, shikamoo. Ya bunduki sikuijua, na nakiri imenitikisa. Basi narekebisha: si lazima ajue mwisho, ila asiukimbie ukifika. Scofield alifika mwisho wake kwenye uzio wa gereza la Fox River, wao wakamsukuma mbele. Hapo bado nimesimama.

Binti Rungwe, pole na hongera kwa kumuuguza mama. Yuko salama?

#9 Binti Rungwe

Yuko salama, kaka, anapalilia mahindi. Ndaga fijo.

#10 Dereva wa Tunduma

Wakuu, mimi ni 24. Jack Bauer. Sizoni moja ni siku moja, episodi moja ni saa moja, na saa inaonekana inapiga. Foleni ya malori mpakani Tunduma ilinimalizia sizoni mbili bila kuwasha injini. Sababu yangu ni hiyohiyo saa: mtu unayesubiri siku tatu upigiwe muhuri, unataka kumwona mwenzako ambaye kila dakika yake ina kazi.

#11 Kyela Mchele

Mwalimu kaja na uaminifu, kanipa njia. Tamthilia kuliko zote ni The Wire. HBO, 2002 mpaka 2008, sizoni tano, episodi 60. Iko Baltimore, Marekani. Aliyeiandika, David Simon, alikuwa ripota wa habari za uhalifu kwenye gazeti la mji huohuo, na mwenzake aliyeshirikiana naye, Ed Burns, alikuwa askari mpelelezi halafu akawa mwalimu wa shule. Ndiyo maana haina uongo. Sizoni ya kwanza wauza unga na polisi, ya pili bandarini, ya tatu wanasiasa, ya nne shule, ya tano gazeti.

Ya nne ndiyo iliyoniumiza. Wavulana wanne, darasa moja. Unawapenda wote, na kila mmoja mtaa unamchukua kwa njia yake. Nimekulia karibu na mpaka wa Malawi, nimewaona wenzangu wa darasa la saba wakianza kuvusha magendo kwa baiskeli, wengine walikuwa na akili kunizidi. Nilipoimaliza ile sizoni nilikwenda ziwani Matema nikakaa peke yangu mpaka jioni.

Na yule Mmarekani Idris Elba, kama Stringer Bell, sijaona mtu anaigiza vile.

#12 Soweto Mtaa wa Juu

Siti ya mbele nimekaa. Kyela, Idris Elba si Mmarekani. Kazaliwa London, baba yake wa Sierra Leone, mama wa Ghana. Alificha lafudhi yake ya Kiingereza alipokwenda kuomba ile nafasi.

Ila The Wire nimejaribu mara tatu nimeshindwa. Episodi nne za kwanza watu wanaongea tu, hujui nani ni nani. Tamthilia inayoniomba nivumilie wiki nzima ndipo ianze kunipa kitu, hapana. Squid Game ilinishika dakika kumi za kwanza. Kabla episodi ya kwanza haijaisha, mchezo wa watoto, taa nyekundu, watu wanaanguka. Sizoni ya kwanza episodi 9, usiku mmoja na asubuhi yake.

#13 Kyela Mchele

Asante kwa marekebisho. Lakini mchele wa Kyela nao hauivi kwa dakika kumi, mkuu wa Soweto. Na ukiiva unaunusa mpaka kwa jirani.

#14 Soweto Mtaa wa Juu

Nitaurudia kwa heshima ya mchele.

#15 Mdau Njiapanda Uyole

Hakuna aliyetaja Game of Thrones? Miaka minane nimeifuata. Sizoni nne za kwanza nilikuwa nashindwa kulala. Ya mwisho, 2019, episodi 6, ikaangusha kila kitu. Bran kuwa mfalme! Hapa Mnyalu yuko sahihi: vitabu viliisha, wakakosa pa kunakili.

#16 Mwalimu wa Makambako

Vitabu havikuisha, mdau. Havijaisha mpaka leo. George R. R. Martin ametoa vitano, cha tano kilitoka 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza. Tamthilia ikamkuta njiani ikampita. Na inajulikana aliwaeleza watayarishaji mambo makubwa ya mwisho, kwa hiyo safari hii mwisho waliujua! Ndicho kinachonifanya nisikubali hoja ya #1. Hawa walijua wanakokwenda wakaharibu, wa Breaking Bad hawakujua wakafika salama.

#17 Fundi Mwanjelwa

Na hawa walikuwa HBO, bila matangazo. Hapo hata hoja yangu inachechemea, nasema kweli. Ila kituo kilikuwa tayari kuwapa sizoni zaidi, waandishi wenyewe ndio waliotaka kufunga haraka. Siku zote nilidhani ubaya ni kuvuta, kumbe na kukata ni ubaya.

#18 Mlinzi wa Zamu, Mafinga

Ilikosa tafsiri tu.

#19 Mama Lupembe

Hamjambo wanangu. Mimi ni mtu mzima, niko Njombe kwenye chai, nasoma huu uzi tangu asubuhi. Mmekwenda Marekani, mmekwenda Korea, hakuna aliyesimama nyumbani.

Tamthilia yangu ni Siri ya Mtungi. 2012. Yule mpiga picha Cheche, mke wake, mashaka yake, watu wanaongea Kiswahili kama wanavyokiongea, si cha kusoma kwenye karatasi. Mlio wa mtaa unausikia. Picha zake zilikuwa nzuri mpaka mume wangu akauliza kama ni ya Tanzania kweli. Leo naangalia Jua Kali ya Lamata, sikosi, na mabinti wangu tunabishana sebuleni kama mahakamani. Kiswahili hakihitaji mlinzi wa Mafinga aje kunitafsiria.

Lakini nina uchungu, na leo nautoa. Miaka yote hii ninayotazama tamthilia za kwetu, msichana wa kazi akitokea, anatoka Iringa au Njombe. Mlinzi anaongea kama Mnyakyusa ili watu wacheke. Binti yangu wa tatu alikwenda mjini kufanya kazi za ndani akiwa na miaka kumi na sita, ada ilitushinda. Alirudi akiwa na fedha za kumlipia mdogo wake kidato cha tano. Ana akili, ana mipango, ana hasira zake, alimpenda mtu akamwacha. Huyo ndiye steringi. Kwa nini kwenye TV anakuja kubeba trei ya juisi tu, episodi nzima hana jina?

#20 Binti Rungwe

Mama, shikamoo. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Lafudhi ya bibi yangu nikiisikia kwenye runinga watu wanacheka kabla hajamaliza sentensi, huwa natoka nje.

#21 Mdau Njiapanda Uyole

Mama Lupembe kasema. Ila tuwatetee kidogo: kurekodi ni gharama, kampuni nyingi ziko Dar, waigizaji wako Dar. Kusafirisha kikosi kizima mpaka Njombe si mchezo.

#22 Dereva wa Tunduma

Barabara ipo, mdau. Mimi naipita kila wiki. Na TAZARA ipo.

#23 Mnyalu wa Kihesa

Mama, shikamoo. Umenigusa mahali, maana kila nikimaliza kuangalia Jumong (ndiyo mlinzi, nimeiangalia mara mbili) nabaki na swali moja. Wakorea wamemchukua mtu wa kabla ya Kristo, habari zake nusu ni ngano, wakatengeneza episodi 81. Sisi tuna Mkwawa, chifu wa Wahehe, ambaye habari zake zimeandikwa, na hatuna hata sita.

Hebu oneni hiyo ya kwanza tu. Agosti 1891, Lugalo. Zelewski anakuja na kikosi chake cha Kijerumani, bunduki na mizinga, watu wetu wamemwita Nyundo. Wahehe wamelala kwenye majani pembeni ya njia. Nyundo akafa palepale na wengi wa askari wake. Kisha ngome ya Kalenga, ukuta wa mawe, ikavunjwa kwa mizinga 1894. Kisha miaka minne porini, anahama, watu wanamlisha kwa siri. Julai 1898, Mlambalasi, anajipiga risasi asikamatwe. Huo ni mwisho ambao hakuna mwandishi anayeweza kuukimbia.

#24 Mwalimu wa Makambako

Na haukuwa mwisho. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa. Mkataba wa vita vya dunia nzima, na Uhehe imo ndani! Likakaa huko mpaka gavana Twining alipolirudisha 1954.

#25 Kyela Mchele

Kutoka makumbusho ya Berlin, sivyo?

#26 Mnyalu wa Kihesa

Bremen. Sasa liko Kalenga, unaingia kwenye jumba la makumbusho unaliona kwenye kioo. Baba alinipeleka nikiwa na miaka tisa. Sikulala.

#27 Mzee wa Songea Road

Vijana, nimechelewa kufika. Miye nimeanza kutazama kabla TV haijafika bara, maana ITV imekuja 1994, na kabla ya hapo tulikuwa tunategemea deki ya video ya padri. Alikuwa nayo Shaka Zulu, ile ya 1986. Henry Cele, mlinda mlango wa mpira, ndiye Shaka. Tulijaa ukumbini mpaka madirishani. Sisi Wangoni tulikuwa tunajiona nyumbani, maana wazee wetu walitoka kule kule Afrika Kusini na kiongozi wao Zwangendaba, wakavuka Zambezi mwaka 1835.

Kwa hiyo Mnyalu, ukitengeneza huyo Mkwawa wako, vita vya Wahehe na Wangoni usiviruke. Na utuandike vizuri.

#28 Mlinzi wa Zamu, Mafinga

Hapo ndipo uzi utavunjika, mzee. Nani alimshinda nani?

#29 Mzee wa Songea Road

Itategemea tamthilia imerekodiwa Iringa au Songea.

#30 Soweto Mtaa wa Juu

Wasangu nao wa chifu Merere msiwasahau, Usangu ni Mbeya hii hii. Walipigana na Wahehe miaka na miaka, wakashirikiana na Wajerumani. Mkiwafanya maadui tu, mtakuwa mmefanya kama wale wanaowapa dada zetu trei za juisi.

#31 Mama Lupembe

Umesema vyema, mwanangu. Na wanawake wawepo. Mkwawa porini miaka minne alikuwa anakula nini, na nani alipika?

#32 Binti Rungwe

Na kabla ya kumpa maji, nani alimuuliza koo linaumaje.

#33 Fundi Mwanjelwa

Mimi bado nauliza nani atalipa. Episodi moja yenye watu mia tatu wenye mikuki na ngome ya mawe, si sawa na episodi ya sebuleni.

#34 Mnyalu wa Kihesa

Ngome ikajengwe upya kwa miti na udongo, Fundi, mafundi tunao. Mikuki tunayo. Anza na episodi moja, Lugalo, dakika 50. Tukiipenda, waongeze, kama walivyofanya Wakorea.

#35 Mlinzi wa Zamu, Mafinga

Kwa hiyo umekubali kuongeza.

#36 Mnyalu wa Kihesa

Kwa hiyo moja tu.

#37 Soweto Mtaa wa Juu

Taarifa kwa Kyela: nimeanza The Wire mara ya nne. Niko episodi ya tano, ile ya kijana D'Angelo kuwafundisha wenzake sataranji ilikuwa ya tatu, safari hii nimeielewa. Umeme umekatika muda huu. Simu ina asilimia 11.